Haikuwa Pasi

Sogeeni, wanangu, wewe Allaoui na wewe Saïda, mkae hapa mkekani ninapoweza kuwaona bila kuinua kichwa, maana baba yenu Elamine, fundi wa kanzu, amebakiwa na pumzi chache na hataki kuzimaliza kwa kupaza sauti. Nitasema kwa Kiswahili cha bibi yenu, nanyi mkitaka nijibuni kwa Kimalagasi kama mlivyozoea, nitawaelewa.

Mambo ya mali ni mafupi. Nyumba hii ya mtaa wa Mahabibo, hapa Mahajanga, mtaigawana kama dini inavyosema. Cherehani ni ya Saïda, na wewe Allaoui usinune, kwa sababu kanzu uliyonishonea Idi iliyopita ina bega moja juu na jingine chini, na niliivaa kwa mapenzi tu. Jirani yetu Boinali nimenuniana naye miaka tisa kwa sababu ya mbuzi wake aliyeitafuna kanzu ya bwana harusi. Mwambieni nimekubali kwamba mbuzi hakuwa na kosa, kanzu ile niliishona vibaya, na katika mtaa mzima mbuzi ndiye peke yake aliyeniambia ukweli.

Mnaona, hata sasa nafanya mzaha. Huo ndio ugonjwa wangu, na kwa ajili yake nimewaita.

Mlikuwa wadogo tulipokaa mji wa Hell-Ville, kule kisiwani Nosy Be, hamkikumbuki vizuri kibaraza cha duka langu. Kila alasiri, watu wakishatoka msikitini, walikuja kunisikiliza nikisoma gazeti la Wafaransa, ambalo mpishi wa ofisa mmoja alinipa likiwa limeshapita mwezi na linanuka samaki. Nilikuwa na Kifaransa cha kutosha kulisoma, na kiburi cha kutosha kubishana na kila neno lake. Serikali ilipotoza kodi ya mbwa, nilisema mbwa naye sasa ni mwenzetu, analipa na haruhusiwi kusema lolote. Habari zilipokuja kwamba Mfaransa mmoja ameruka juu ya bahari kwa mashine, nilisema mwanamume anayemkimbia mkewe huota mbawa. Saa ya posta ilipobaki nyuma, nilisema saa haina kosa, ni jua linalowahi kwa kuogopa faini. Watu walicheka, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Msa seremala, rafiki yangu tangu chuo cha Kurani, ambaye alikuwa akijipiga paja mpaka akohoe. Nilikuwa nikisoma gazeti huku jicho moja liko kwake, na asipocheka Msa nilirudi nyumbani na huzuni.

Mwaka mmoja kabla ya vita vya Wafaransa na Wajerumani, mpiga mbiu alipita akitangaza kwamba Alhamisi kila mwenye mtoto ampeleke kwa daktari akachanjwe ndui. Barazani wakaniuliza, fundi, wewe wasemaje? Nikasema, mfugaji huwatia ng'ombe wake alama mkononi kabla ya kuwahesabu, na baada ya kuwahesabu sote tunajua wanakopelekwa. Nikasema, kichwa chetu wameshakitoza kodi, sasa wamekuja kuchukua mkono. Wanangu, sijapata kuchekesha watu kama siku ile. Msa alijifuta machozi akasema, "Basi Rabiata wangu haendi." Rabiata alikuwa na miaka saba, mtoto wake wa pekee, ndiye aliyekuwa akikubeba wewe, Saïda, mgongoni.

Nilikuwa na nafasi ya kusema, Msa, huo ni mzaha, mpeleke mtoto. Nilikiona kicheko kimewajaa usoni, nikaona haya kukikata. Nikafunua ukurasa mwingine.

Usiku ule mama yenu Mariyama, Mungu amrehemu, aliniambia neno moja tu. "Wewe chekesha watu, wanangu wanakwenda." Na mimi sikubishana naye, kwa sababu sikuamini hata nusu ya niliyosema barazani. Nilikuwa nimesoma katika gazeti lile lile namna ndui ilivyoua watu mahali ambapo hawakuchanjwa, na ukurasa ule sikuusoma kwa sauti, maana haukuwa na la kuchekesha. Alhamisi yenyewe, kabla hakujapambazuka, niliwafunika nyinyi wawili kwa shuka, tukapita njia ya nyuma ya soko, nikamwomba Madi, msaidizi wa daktari, atufungulie kabla watu hawajafika. Akawachanja. Akanichanja na mimi.

Allaoui, kovu lile mkononi mwako ambalo nimekwambia maisha yako yote kwamba nilikuangushia pasi ya makaa, haikuwa pasi. Saïda, nawe vivyo hivyo. Nilichagua muonekane wanangu mmeunguzwa na baba mzembe, kuliko watu wajue kwamba mchekeshaji wao alikwenda kwa daktari kwa kunyata. Na mimi nimevaa mikono mirefu miaka ishirini na minne, hata kwenye joto la Mahajanga, mkidhani ni heshima ya dini. Watakaoniosha wataliona kovu langu. Sikutaka mlijue kwa waosha maiti.

Ndui ilifika miezi minne baadaye. Rabiata aliugua siku sita. Siku ya tano nilimwona, na sikumtambua ila kwa sauti, akaniuliza mbona Saïda haji kucheza. Tulipotoka makaburini Msa alinishika bega akasema, "Elamine, sema neno moja la kunichekesha, maana nikifika nyumbani nitakufa." Nikasema. Msiniulize nilisema nini. Alicheka huku analia, akanishukuru, na mimi mkono unawasha ndani ya kanzu kama uliochanjwa jana.

Niliwaambia tunahamia Mahajanga kwa sababu ya kazi. Kazi ilikuwa nyingi Nosy Be. Nilikuwa nakimbia, na hata kukimbia sikukufanya kwa adabu, maana wiki ya tatu nilishafungua kibaraza kingine hapa na gazeti mkononi. Na Msa kila mwaka amepanda meli kuja kunitembelea, na samaki wakavu wa Nosy Komba kwenye kikapu, kwa sababu anasema hakuna mwingine aliyemsaidia siku ile. Ndiye huyo aliyefika jana. Yuko chumba cha pili, anadhani amekuja kumuaga rafiki.

Allaoui, kamwite.

Karibu, Msa. Kaa. Hapana, usinishike mkono kwanza. Nisikilize mbele ya wanangu. Ile Alhamisi ya chanjo, alfajiri, kabla wewe hujaamka, mimi nilikwenda. Nilichanjwa. Nilikuchekesha mchana nikachanjwa alfajiri, nikakuacha.

Unauliza kama na watoto pia. Ndiyo, ndugu yangu. Na watoto.

Allaoui, kunja mkono wa kanzu, Baba Msa anataka kuona. Mwache aguse. Mwache.

Msa, sina neno la kuongeza. Nimelitafuta miaka yote.

Msimfuate. Saïda, kaa, usimshike nguo, mtu ana haki ya kutoka. Mpelekeeni maji huko alipo, na akitaka kuondoka leo, Allaoui umsindikize mpaka bandarini na umbebee mzigo, na akikutukana, itikia. Kwenye maziko yangu akisimama kuniswalia, mpisheni mbele. Asiposimama, msimuulize, wala asiulizwe na mtu. Na watu wakianza kusimulia vichekesho vyangu, kama watakavyosimulia, waambieni na hiki.

Nipeni maji kidogo. Basi.

Mungu awahifadhi, awape... watoto watakaowauliza maswali. Mkijua jambo la kumponya mtu, lisemeni, hata kama hakuna atakayecheka. Msigombane juu ya cherehani. Nimewaridhia, wanangu. Nyinyi niridhieni... mkiweza.

Allaoui, mbona unashusha mkono wa kanzu. Uache. Uache hivyo hivyo, watu waone.