Kikombe Cheupe cha Fundi Chai Kwanza

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, fundi mkuu wa karakana ya hospitali yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Jina lake kamili analo, lakini mwite kwa jina hilo karakanani uone kama kuna atakayegeuka. Sisi tunamjua kama Fundi Chai Kwanza.

Alianza kwa kuosha vipuri, mikono ikinuka mafuta ya taa hadi Jumapili, akapanda ngazi kwa jasho lake mpaka akawa mwanamke wa kwanza kukabidhiwa karakana nzima.

Jina la utani limetokana na mazoea yake. Gari likiletwa linachemsha, na oili inaelea kwenye tanki la maji ya rejeta, mafundi wengi hukimbilia spana: gasketi imeungua, fungua injini! Yeye huchota maji kidogo, huyamimina katika kikombe cheupe, hukiweka dirishani, kisha hutangaza chai. Mnapomaliza kunywa, oili imepanda juu na rangi yake inaonekana. Hapo ndipo anapojua aanzie wapi.

Kikombe hicho nusura kituletee msiba. Maji ya rejeta yaliyochafuka kwa oili hufanana sana na chai ya maziwa, na siku moja mtunza stoo wetu alikichukua, akatia sukari, akakoroga, akaanza kupuliza. Fundi alimdaka mkono kikombe kikiwa mdomoni. Wenye ulimi mkali walisema angekinywa, goti lake linalolia kila akiinuka lingenyamaza. Tangu siku hiyo kikombe kina msumari wake ukutani, na mtunza stoo anakunywa chai ya rangi.

Lakini kwangu mimi, dereva wa gari la wagonjwa, kikombe kile si kichekesho tu. Mwaka wangu wa kwanza kazini, gari lilichemsha njiani, na tanki likakutwa limejaa uji wa mafuta. Asubuhi ile nilikuwa nimeongeza oili na maji kwa mkono wangu mwenyewe. Basi ikasemwa kuwa nimemimina oili kwenye rejeta, nikaamriwa kurudisha funguo. Mke wangu alikuwa mjamzito, na moyo wangu ulichemka kuliko injini.

Fundi hakunitetea wala kunilaumu. Alichota maji, akaita watu chai. Tulipokiangalia kikombe, juu kulikuwa na utando mwekundu. Oili niliyoongeza ilikuwa ya injini, na haina wekundu. Nyekundu ilikuwa ya gia boksi. Akachomoa kijiti cha oili ya injini: safi. Akachomoa cha gia boksi: oili imepauka kama imetiwa maziwa. Kipoza oili cha gia boksi, kilichomo ndani ya rejeta, kilikuwa kimetoboka. Rejeta ikabadilishwa, gia boksi ikasafishwa, nami nikarudishiwa funguo. Kisha akanipa ndoo na sabuni nisuuze mipira yote ya maji, nisije nikadhani nimeshinda bahati nasibu. Nilisuuza huku nikiimba.

Mumewe, fundi cherehani, analalamika kwamba hata uji wa nyumbani huuangalia kwanza ukitulia. Shemeji, pole sana. Kuanzia sasa utakaguliwa kutwa nzima.

Mama, asante kwa kututuliza kabla ya kutufundisha. Binti niliyemngoja mwaka ule sasa ni muuguzi katika wodi ya pili, na amesomeshwa kwa kazi uliyoniokolea. Ijumaa jioni nitakupeleka nyumbani kwa gari lile lile, na yeye atakaa nyuma akikushikia maua. Kikombe tuachie ukutani. Tunakuombea afya, vicheko na wajukuu wasumbufu. Umetuzoesha chai kwanza, kazi baadaye; sasa kunywa yako taratibu, Mama, kazi haifuati tena.