Maalim Muhiddin, Aliyekataa Kumtoa Ummukulthum

Tarehe 30 Septemba mwaka huu Maalim Muhiddin Khatib anastaafu, baada ya miaka ishirini na sita ya kuifundisha timu yetu ya besiboli, Kunguru wa Stratford. Jina la timu hakulichagua yeye. Mzanzibari gani angejiita kunguru kwa hiari yake? Aliikuta hivyo, akaichukua hivyo. Kamati imeniomba mimi nimwelezee kwa sababu nimo jikoni mwa klabu tangu kabla hajaja, na kwa sababu wengine wote wangemsifu tu.

Alifika London kijana, akawa mlinzi wa maduka, na siku zake za mapumziko akazimalizia uwanjani kutazama watu wakipiga mpira kwa gongo. Wenziwe walikuwa na kandanda. Yeye alipoulizwa kwa nini besiboli, mchezo ambao hata Waingereza wengi hawaujui, alijibu kuwa ndio mchezo pekee unaompa mtu nafasi ya kufikiri.

Na kweli anafikiri, mpaka chai inapoa.

Katika besiboli kuna mrushaji, anayemtupia mpira mwenye gongo, na nyuma ya mwenye gongo kuna mdakaji. Mkono wa mrushaji ukichoka, huingia mwengine kumalizia mechi. Huyo wa pili Maalim alimwita mpokezi, kwa namna watu wetu wanavyopokezana jeneza njiani kwenda kuzika: bega lako likilemewa, mwenzio anaingia, na jeneza halitui chini. Neno zuri, ila hakumweleza Luc, mdakaji wetu Mkongomani, aliyekuwa mgeni. Mechi ya kwanza ya Luc, mrushaji akachoka, Maalim akaita, "Mpokezi!" Luc akajua anaitwa yeye, maana nani mwengine anayepokea mipira? Akaondoka na wavu wake wa chuma usoni na magodoro yake kifuani, akaenda kusimama pa mrushaji. "Papa, niko hapa," akasema. Refa alicheka mpaka akakaa kwenye majani.

Basi suala la mpokezi ndilo lililotaka kumtoa Maalim kazini. Kiangazi cha mwaka 2014, katikati ya msimu, tulikuwa wa pili kwenye ligi. Ugonjwa wetu ulikuwa mmoja: tunaongoza vizuri, mkono wa mrushaji unachoka, tunapoteza. Klabu moja ya upande wa Peckham ilikuwa na mpokezi mzoefu, mtu mzima, na ikakubali tubadilishane. Sisi tuwape Ummukulthum, msichana wa miaka kumi na sita, aliyekuwa akirusha kwa nguvu za ajabu bila ya mpira wenyewe kujua unakwenda wapi.

Kishor, mwenyekiti wa kamati, alikuja jikoni akasema mbele yetu sote kuwa bila ya kombe mkataba wa Maalim hautaongezwa.

"Huu ni mwaka wetu, Maalim."

"Na mwakani ni wa nani?"

"Papa, kombe iko pale," Luc akamwambia. "Tuichukue tu."

Mimi nilikuwa upande wao. Nikamuuliza kama ana timu au kitalu cha miche. Akasema, "Vyote viwili, Bi Rukia, na vyote vinataka maji. Nipe chai."

Msidhani alikataa kwa ukaidi. Alipanda basi mpaka Peckham akamtazame yule mtu akirusha, akarudi akakiri kuwa ni moto, kwetu hakuna anayemfikia. Lakini mtu yule angemaliza kiangazi na kurudi kwao, nasi tungebaki na kombe na nafasi tupu. Hilo ndilo alilolipima, na mke na watoto wake wakiwa nyumbani wanasubiri kujua kama baba ana kazi. Akamwita Ummukulthum akamwambia, "Huendi popote. Kesho saa mbili asubuhi uwe hapa."

Tulifika nusu fainali. Tunaongoza, mkono ukachoka, akaingia Ummukulthum. Mpira mmoja ulikwenda kwa mwenye gongo, mingine ilikwenda kwa Mungu. Tukashindwa. Mtoto alilia kwenye sinki langu, na Maalim akaosha vyombo pembeni yake mpaka akanyamaza.

Mpaka leo nasema mwaka ule alikosea. Tungeshinda. Nimemwambia usoni, naye huitikia, "Ndiyo, Bi Rukia."

Kamati ilimpa mwaka mmoja wa mwisho, halafu mwengine wa mwisho, na Kishor akazoea kutia saini. Maalim naye hakuwa jiwe. Mwaka 2019 alimchukua mpokezi wa makamo katikati ya msimu, akamtoa mchezaji aliyekuwa mwenyewe anataka kuhamia klabu ya karibu na nyumba ya mkewe. Kila mtu alifurahi, tukafika fainali, tukapoteza. Kabati letu la vikombe lina vikombe vya chai, na ni vyangu.

Majira ya kuchipua ya mwaka huu, kamati ilipotafuta mwalimu mpya, walikuja watu wenye suti na maneno. Wote walitaka kwanza tubadilishe nusu ya wachezaji. Kishor akavua miwani, akaifuta, akataja jina la Ummukulthum, yeye mwenyewe aliyetaka kumtoa. Hakuna aliyepinga. Leo bibi huyo anarusha mpira ukaenda yanakokwenda macho yake, na wasichana watano tulio nao amewalea yeye. Tungempeleka Peckham mwaka ule, tungekuwa na kombe moja lenye vumbi, na wiki hii tungekuwa tunamuaga Maalim na kulifunga geti. Kwamba tungeshinda ni kweli. Na hili pia ni kweli. Wenye suti wachague.

Maalim, ahsante kwa miaka yako, na kwa vyombo ulivyoosha. Mola akupe afya, akulaze usingizi wa mtu asiyedaiwa na mtu, na akuzidishie siku njema wewe na watu wako. Jumamosi ukisikia miguu inakuleta uwanjani, usimkaribie Ummukulthum kumwonesha kazi. Pita mlango wa nyuma, uje ule.

Bi Rukia, jikoni