Alama ya Penseli ya Mzee Khaemba

Tarehe 30 Juni, Mzee Wycliffe Khaemba anafunga mlango wa tanuri la maabara yetu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Aliingia akiwa mfagiaji, anatoka akiwa fundi ambaye hata maprofesa humwomba ruhusa.

Majirani zake wa Kisugu, kwa kusikia anashinda kwenye tanuri, walimdhania mwokaji. Kila Krismasi walimwagiza keki. Mzee hakuwasahihisha, alizinunua mjini, akapokea sifa.

Alichooka hasa ni unga mweupe wa dioksidi ya titani, wenye chembe zisizoonekana kwa macho, tunaoutumia kusafisha maji kwa mwanga wa jua. Ukipata joto la kiasi, chembe hujipanga vizuri na kubaki ndogo. Hiyo ni anatasi, ndiyo tunayoitaka. Joto likizidi, hunenepa, hushikana na kujipanga upya kuwa rutilo. Hata ukizipoza, hazirudi zilikotoka.

Mwaka 2016 mwanafunzi mmoja wa uzamili alipata rutilo kwa nyuzi mia tano tu, chini mno ya joto la kawaida, ikaonekana ni ugunduzi mpya. Maabara nzima ilishangilia, na siku ya kutetea tasnifu ikapangwa. Zikiwa zimebaki siku nne, Mzee aligundua kwamba alipolifagia tanuri alirudisha kipimajoto bila kukisukuma hadi mwisho. Kioo kilisoma mia tano. Ndani joto lilikaribia mia sita na hamsini.

Hakuna aliyejua ila yeye, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kupandishwa cheo. Asubuhi hiyo hiyo alikwenda kwa mkuu wa maabara akasema yote. Cheo kilimpita. Tasnifu ilichelewa mwaka mzima. Sampuli zote arobaini alizichoma upya kwa mkono wake, na kwenye kipimajoto akachora alama ya penseli: sukuma hadi hapa.

Mwanafunzi yule alimwita mzembe mbele ya watu, akamnyima salamu miezi mitatu. Ni mimi niandikaye. Shahada niliyo nayo ni ya kweli kwa sababu yake, na nilichelewa mno kumwambia.

Mzee, asante. Alama yako haitafutwa. Pumzika vyema, wewe na jamaa zako wote. Krismasi hii keki tutaleta sisi. Nitatangulia mimi, nibishe hodi na kukusalimu, kama nilivyopaswa siku zile.

Husnah Abudu, kwa niaba ya wafanyakazi