Ndege ya Rika la Baba

Wapendwa waombolezaji, majirani zetu wa hapa Buffalo, na ninyi ndugu mlioacha kazi zenu Louisville na Columbus mkaja kutushika mkono, familia imenituma mimi Elisabeth, mtoto wa pili na wa mwisho, niwasomee safari ya baba yetu, Methodi Karekezi. Kwa desturi angesoma mtoto mkubwa, lakini kaka Jovini amesema yeye atabeba jeneza, maneno niyabebe mimi.

Baba alizaliwa Nyanza-Lac, mkoa wa Makamba, nchini Burundi, mwezi Oktoba mwaka 1962, akiwa mtoto pekee wa bibi yetu Elisabeth, ambaye nimerithi jina lake, ndiyo maana Baba aliniita Mama. Kwenye msalaba mtasoma tarehe 1 Januari 1962, kwa sababu ndivyo karatasi zake zinavyosema, maana katika kambi ya wakimbizi kila aliyekosa tarehe aliandikiwa siku hiyo, hata mama yetu Zita ameandikiwa hiyo hiyo. Bibi alimwambia kwamba alizaliwa mvua za kwanza zilipoanguka baada ya uhuru, watu wakipanda maharage, na kwa kuwa uhuru wa Burundi ulipatikana Julai mwaka huo, Baba alishika Oktoba, na mimi leo nasoma Oktoba mbele yenu.

Mwaka 1972, akiwa na miaka tisa, alikimbia mauaji pamoja na bibi hadi Uvira, nchini Zaire, akasoma hapo mpaka darasa la nne, shule ikakatika kama yangu ilivyokatika, akajifunza ufundi wa baiskeli. Vita vya mwaka 1996 vilimvusha ziwa hadi Kigoma, akafika kambi ya Mtabila, wilaya ya Kasulu, akatundika turubai lake karibu na soko, na watu walimjua kwa sheria moja, kwamba kipuri hutoka kwenye baiskeli iliyokwisha safari. Mtu akileta baiskeli mpya ya mdogo wake ili itolewe mnyororo na kufungwa kwenye kuukuu yake, Baba alimrudisha, akisema, "Nenda kwa fundi mwingine, ndugu yangu, mimi sifungui mpya ili niponye kuukuu," wengine wakamcheka, wengine hawakurudi tena.

Tarehe 18 Julai 1998 alifunga ndoa na mama yetu katika kanisa la kambi, na tarehe 6 Mei 1999 wakampata kaka Jovini. Tarehe 17 Aprili 2007 familia ilipokelewa Louisville, Kentucky, ikapewa nyumba katika mtaa wa Highview, na mimi nikazaliwa huko tarehe 3 Novemba mwaka huo huo. Baba aliajiriwa katika ghala la vifurushi karibu na uwanja wa ndege, akapakia mizigo kwa miaka sita bila kulalamika, isipokuwa juu ya baridi.

Ni huko Louisville alikoiona kwa mara ya kwanza ile ndege ya mabomu wanayoiita B-52, nami siwezi kusoma maisha yake nikaiacha, ingawa ningependa. Ilikuwa Aprili, siku ya maonyesho ya ndege juu ya mto Ohio, mimi nikiwa nimekaa mabegani mwake, na ilipotokea, nyeusi, ndefu, ikivuta moshi wa injini nane, Baba alinishusha chini ili aitazame vizuri. Mzee mmoja aliyewahi kuihudumia jeshini alimwambia kwamba ya mwisho ya aina hiyo ilitoka kiwandani Oktoba 1962, na bado inaenda kazini kila siku, na Baba aliporudi nyumbani alisema, "Mama Jovini, leo nimekutana na mtu wa rika langu."

Tangu siku hiyo Mama aliiita ndege hiyo mke mwenzake, na Baba akichelewa mezani kwa sababu ya video zake, Mama alisema, "Mwacheni na mwenzangu, yeye ana injini nane, mimi hata magoti mawili sina." Mzee Gaudiosi, jirani yetu aliyekaa hapo mbele, naye aliwahi kumuuliza mbele yetu sote, "Methodi, wewe umekimbia vita mara mbili, unapendaje chombo cha kudondosha mabomu?" Baba akajibu kwamba kazi yake haipendi na anaiombea ikose kazi, anachopenda ni kuona watu walivyokataa kuitupa, fundi wa leo anakaza skrubu aliyoikaza babu yake, na vipuri wanavitoa kwenye zilizostaafu, zilizopangwa jangwani. "Hao ni mafundi wa dini yangu," alisema.

Mwaka 2013 tulihamia Columbus, Ohio, Baba akafanya kazi katika ghala la nguo, na Jumamosi nyingi alimchukua kaka Jovini wakaenda karibu na Dayton, kwenye makumbusho ambako moja ya ndege hizo imewekwa, wakasimama chini ya bawa lake mpaka wafungiwe mlango. Mimi nilibaki na Mama nikichambua maharage, kwa kuwa niliambiwa nitachoka kusimama. Wivu wangu sikuuficha, niliichora shuleni nikaipa masikio ya punda, nikaibandika kwenye friji ili akasirike, Baba akaisogelea, akaitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama ripoti yangu ya shule, akasema nimesahau injini mbili.

Mwezi Juni 2018 tulikuja hapa Buffalo, tukapanga karibu na Grant Street, Baba akaajiriwa katika kiwanda huko Tonawanda, na kaka Jovini akabaki Columbus, ambako sasa ana mke na mtoto. Hapa hapakuwa na ndege ya kwenda kutazama, nikafikiri zamu yangu imefika, lakini aliibeba ndani ya simu.

Tarehe 8 Februari 2023 Baba alianguka kazini, na hospitali ikaona kwamba figo zake zote mbili zimechoka, akaanza kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, akaandikishwa kungoja figo. Kaka Jovini alijitolea, madaktari wakamkataa kwa sababu ya presha, na Mama wakamkataa kwa sababu ya sukari. Mwezi Septemba 2024, Mama akiwa kazini mchana kutunza wazee, na Baba akitoka kwenye mashine hawezi kushika usukani, niliacha shule nikiwa darasa la kumi na moja, nikawa dereva wake.

Wakati huo alisikia kwamba ndege hizo zitafungwa injini mpya, zote nane, na kwa mara ya kwanza nilimwona Baba akiionea wivu. "Mwenzangu anapewa nane," alisema, "mimi naomba moja." Hata hivyo hakuacha kuitazama, aliitazama kama mtu anavyomtazama jirani aliyenunua gari, saa nne nzima kwenye kiti cha kusafishiwa damu, mrija mkononi, na mimi pembeni yake, niliyeacha darasa langu na rafiki zangu, nikitazama upande wa uso wake.

Mwezi Agosti mwaka huu nilimwambia, nikiwa nimekaa hapo pembeni yake, kwamba tarehe 3 Novemba natimiza miaka kumi na minane, na kwamba nimeuliza hospitali, wamesema nikitimiza wanaweza kunipima kama figo yangu inamfaa. Baba hakuinua uso kutoka kwenye simu.

"Baba, nimesema."

"Nimesikia, Mama."

"Ningekuwa na mabawa ungenitazama."

Akasema, macho yake yakiwa bado kwenye simu, "Sikutazami kwa sababu nikikutazama nitakubali. Na wewe ndio kwanza umetoka kiwandani." Sikuhitaji maelezo, kwa kuwa sheria yake ya Mtabila nimeijua tangu utoto. Nilimwambia nitaomba tena siku nikitimiza, akasema siku hiyo atakuwa na sikio bovu, tukacheka, muuguzi akatutuliza.

Siku hiyo hakuifikia. Tarehe 11 Oktoba 2025, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, moyo wake ulisimama, akiwa mikononi mwa Mama, katika mwezi wake wa kuzaliwa. Ameacha mjane, watoto wawili na mjukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu na kuvumilia hadithi zake za injini, na wale waliopokea macho yake ili yampe mtu mwingine mwanga, kama alivyoagiza mwenyewe, kwa kuwa alisema baiskeli iliyokwisha safari haizikwi na vipuri vizima. Tunawashukuru wenzake wa kiwandani Tonawanda, wenzake wa Louisville na Columbus, kwaya, na majirani waliopika na kulala sakafuni kwetu wiki hii, zaidi Mzee Gaudiosi, aliyebishana naye mpaka mwisho na sasa hana wa kubishana naye.

Wanasema ndege hiyo itaruka mpaka miaka ya 2050, mpaka mimi nifikishe umri alio nao Mama leo. Nitaionea wivu kwa miaka yake, kwa kuwa ilipewa kila ilichohitaji na ikapokea, lakini macho ya Baba siionei tena, sasa najua yalikuwa yakimkwepa nani. Jumatatu narudi shuleni, Baba, mzima kama nilivyotoka kiwandani. Zima injini, umefika, pumzika.