Mzee Kaburu wa Rafu ya Bluzi

Tarehe 30 Novemba 1996, saa ya kufunga duka, Mzee Jesse Kaburu atastaafu baada ya kuitumikia Mlimani Redio na Santuri kwa miaka thelathini na mmoja. Katika muda huo kampuni imefungua matawi Karatina, Nanyuki na Meru, imepaka kuta rangi mpya mara kadhaa, na imeacha kuuza gramafoni za kuzungusha kwa mkono. Mzee Kaburu hakubadilika sana. Hata koti ni lile lile, ingawa mkewe, Mama Gacheri, anakana kabisa.

Alitoka Chogoria mwaka wa 1965 akiwa fundi wa redio, na hakuna aliyetarajia kumwona nje ya karakana. Mwaka huo huo, mwalimu mmoja Mmarekani aliyekuwa akirudi kwao alipiga mnada vyombo vya nyumba yake hapa Nyeri. Kaburu alitumwa akanunue redio kuukuu za kutolewa vipuri. Alirudi na redio moja tu na sanduku zima la santuri. Mwenye duka wa wakati huo, marehemu Mzee Mutahi, alimkaripia mpaka wateja wakasikia.

Sanduku lile lilikuwa la bluzi tupu, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi. Kaburu alizicheza huku akilehemu nyaya, na kabla ya redio kupona watu walikuwa wameanza kuingia kuuliza ni nani huyo anayelia vizuri namna hiyo. Mzee Mutahi alikuwa mkali lakini hakuwa mjinga. Wiki iliyofuata fundi alihamishiwa kaunta, akapewa rafu yake.

Ukweli usemwe, kazi ile haikuwa rahisi. Watu wa huku kwetu ni wa muziki wa kantri. Mteja wa Nyeri anataka wimbo wenye farasi, treni na mama aliyeachwa nyumbani. Kaburu hakubishana nao. Aliwaambia kwamba kantri ni mtu anayesimulia jinsi alivyopoteza shamba, na bluzi ni mtu yule yule asubuhi ya pili, jembe begani, anatafuta la kukodi. Wengi walinunua ili tu wapate nafasi ya kwenda zao.

Alikuwa na utaratibu wake, na hakuambilika juu yake. Mgeni wa bluzi alianzishwa kwa mtu mmoja na gitaa moja. Akizoea, anapewa kinanda cha mdomo. Gitaa za umeme na ngoma za Chicago zilikuja baadaye, kama vile ndama anavyoachishwa maziwa taratibu. Albamu hakuipima kwa wimbo uliovuma. Aliipima kwa wimbo wa mwisho wa upande wa pili, kwa sababu, alisema, mwimbaji mvivu huwa ameshachoka akifika hapo na anaimba akifikiria chakula. Albamu nyingi zenye majalada ya kupendeza zilianguka mtihani huo. Mtu mwenye haraka hakumuuzia kabisa. Alimwomba arudi siku atakayokuwa na nafasi.

Kuna Wachuka, muuguzi anayeishi Skuta, aliyetaka muziki wa kupigia pasi. Kaburu alimpendekezea albamu ya mpiga piano mmoja wa zamani. Wachuka akaunguza shati la mumewe, la harusi ati, na Jumatatu akarudi. Sisi wa kaunta tulijua ni vita. Kumbe alitaka kujua kama mpiga piano huyo ana albamu nyingine.

Mwaka wa 1994 ndio uliokuwa mgumu. Wasiofanya kazi hii wafahamu kwamba santuri kubwa huzunguka polepole na zile ndogo huzunguka mbio, na mashine ina swichi ya kubadilisha mwendo. Jumamosi moja ya soko, Mzee Kaburu aliweka albamu kubwa mpya, swichi ikiwa kwenye mwendo wa zile ndogo. Spika ilikuwa inaangalia barabarani. Mchana kutwa mji wa Nyeri ulimsikia mtu mzima wa Mississippi akiimba kwa sauti ya kifaranga. Hakuna aliyemwambia. Huwezi kumsahihisha mzee mbele za watu, na tena wengi wetu tulidhani ndiyo mtindo mpya kutoka ng'ambo. Kahiga, muuza vipuri wa Ruring'u, aliupenda mno akainunua albamu.

Jumatatu Kahiga aliirudisha. Alilalamika kwamba santuri ile iko na ugonjwa: dukani inaimba chapuchapu, nyumbani inaimba kama mzee anapanda mlima. Mkurugenzi wetu, Mama Wangechi, alimtazama Kaburu, Kaburu akatazama chini. Hapo hapo alisema ukweli. Sikio la kulia lilikuwa limekufa tangu mwaka uliotangulia na la kushoto lilikuwa njiani. Alikuwa akisikiliza kwa kuweka kiganja juu ya spika. Siku ile ya soko spika ilikuwa nje, na kiganja chake kilikuwa ndani.

Kanuni ya kampuni ilikuwa wazi: asiyesikia hauzi muziki. Angepelekwa stoo ya Karatina kupanga makasha mpaka astaafu. Mzee Kaburu alisema, bila kuinua sauti, kwamba akiondolewa kwenye rafu ile ni afadhali arudi Chogoria siku hiyo hiyo akapalilie chai. Sijawahi kumwona mtu akiogopa kwa utulivu kama ule. Iliniuma, na nasema hivyo ingawa jarida hili la kampuni si mahali pa machozi.

Kahiga bado alikuwa amesimama akingoja haki yake. Kwa hiyo Kaburu alifanya kazi. Aliiweka ile albamu kwa mwendo wake, akamvutia Kahiga kiti, akamwomba amweleze kwa sauti kubwa kila anachosikia. Kahiga alijua injini kuliko muziki. Alisema gitaa linanguruma chini kwa chini kama lori lililosimama bila kuzimwa. Alisema mwimbaji anaongea kama mume anayemletea mkewe habari mbaya, anakwenda polepole asimshtue. Kaburu aliuliza, Kahiga akajibu, Kaburu akauliza tena. Walimaliza pande zote mbili. Kahiga alitoka na albamu yake na nyingine juu yake.

Mama Wangechi aliahidi kutoa uamuzi kesho yake. Kesho yake tulikuta ameweka benchi kando ya mashine ya santuri, na ya Karatina hayakutajwa tena.

Tangu siku hiyo hakuna albamu mpya iliyofika rafuni kabla ya wateja wa benchi kuisikiliza na kumsimulia Mzee. Wachuka husimulia kama anayetoa ripoti ya wodi. Kahiga hajaacha injini zake. Wanabishana, na Mzee huamua, kwa sababu anajua nani ameruka wimbo na nani alikuwa anafikiria mambo mengine. Albamu alizozipendekeza kwa njia hii hazijarudishwa zaidi ya zile za zamani. Watu wa Meru na Nanyuki bado wanapiga simu kuuliza Mzee anasemaje.

Sikio la kushoto lilikwenda mwezi wa tatu mwaka huu, na tangu hapo anatusoma midomo. Kampuni ilimuuliza anataka zawadi gani ya kustaafu, sisi tukiwa tumeshaziangalia saa za ukutani. Alisema saa anayo. Alichoomba ni tusiache kumsimulia.

Mzee Kaburu, kampuni inakushukuru, na mji huu unakushukuru hata pale usipojua umeufaa nini. Nenda Chogoria salama, upumzike kwa afya na amani pamoja na Mama Gacheri. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tutakuja: Kahiga ana pikapu, Wachuka ana mdomo, na santuri tunazo. Mimi nimeuza betri mita mbili kutoka kwako miaka yote hii bila kuujali muziki wako hata kidogo. Sasa nimeanza kusikiliza, maana najua utaniuliza.

Mukami Nderitu
Kaunta ya Betri na Tochi, Nyeri