Diski Kumi na Mbili za Usangu

Treni ilipoiacha Chimala, Makoye, mfugaji mzee wa Usangu, alikuwa akisinzia, mpaka aliposikia Usangu ikitajwa kiti cha mbele. Vijana wawili wa kompyuta walikuwa wakibishana.

"Shedrack, kompyuta kuu ya kumbukumbu za Usangu inatumia mfumo wa Linux," alisema mmoja. "Diski zake kumi na mbili inazifanya ghala moja. Ukizichomeka kwenye Windows yako ya ofisini, itadhani ni tupu, itaomba izifomati, yaani izifute zianze upya."

"Ndivyo ilivyoomba, Liberatus. Nikakubali."

"Umekubali? Umezifuta?"

"Zote. Ramani za mipaka, ushahidi wa wafugaji, kila kitu."

Makoye akafumbua macho. Miaka kumi na minne nyuma yeye na wafugaji wenzake waliambiwa faili la kesi yao ya ardhi limeliwa na panya. Mwaka juzi wakaapa upya, wakatia dole gumba, karatasi zikapigwa picha na kuchomwa moto, wakaambiwa kompyuta haina panya. Kweli, safari hii panya hakuhitajika.

"Nakala ipo?" aliuliza Liberatus.

"Nakala ndiyo hizo diski, kaka."

"Na kesi ni Jumatatu! Wale wazee watahamishwa na ng'ombe wao, na wewe unakula karanga?"

"Punguza sauti. Nitasema umeme ulikatika. Nani kule anajua Linux?"

Liberatus akageuka, akakutana na macho ya Makoye. "Shikamoo, mzee."

Treni ikasimama Mbeya. "Marahaba," aliitikia Makoye. "Hiyo Linux inaandikwaje?"