Mektilda Machibya na Faili la Ndoa ya Kwandu

Tarehe 30 Juni 2003, Mama Mektilda Machibya, karani wa usajili wa ndoa na vizazi katika ofisi ya wilaya hapa Bariadi, atafunika taipureta yake kwa mara ya mwisho baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Wenzake tumenuna kidogo, lakini sheria ya kustaafu haimsubiri mtu.

Binti huyu wa Nassa aliajiriwa Maswa mwaka 1970 akiwa mpiga chapa, kisha akahamishiwa Bariadi wakati ofisi yetu ilikuwa na meza mbili na kabati moja lililotumiwa zaidi na panya. Barua isiyo na tarehe hakuipokea. Wakubwa watatu wamewahi kurudishiwa barua zao kwa kosa hilo, na mmoja wao alishukuru. Kila hati aliyoichapa alimsomea mwenye hati kwa sauti kabla ya kugonga muhuri, kwa Kiswahili, na ikibidi kwa Kisukuma. Foleni mbele ya meza yake ilikuwa ndefu kuliko zote, nasi tulilalamika.

Habari inayomweleza vizuri zaidi ni ya mwaka 1997, na mwenyewe Kwandu ameturuhusu kuisimulia.

Miaka ile ushirika ulikuwa umeyumba, wanunuzi binafsi wa pamba wameingia, na wengi wamepunguzwa kazini. Mmojawapo alikuwa Nyanda, fundi wa kinu cha kuchambulia pamba, mume wa Kwandu wa Nkoma. Alipata nafasi ya kusomea ufundi Denmark, na masomo yalipoisha akapata kazi hukohuko. Akamwandikia mkewe amfuate na watoto wao wawili. Ubalozi ulitaka cheti cha ndoa, naye Kwandu hakuwa nacho. Aliolewa mwaka 1989 kwa ng'ombe kumi na wanane, ukoo mzima ukishuhudia. Hakuna aliyewaza karatasi.

Kuna mtu mjini aliyemwahidi cheti chenye tarehe ya 1989, muhuri juu yake. Kwandu akaja kuuliza kama kingefaa.

"Ndoa yako ni ya kweli, mwanangu," Mama Mektilda alimwambia. "Kwa nini uitafutie cheti cha uongo?"

Wakaanza faili siku hiyohiyo. Ndoa ilisajiliwa kwa kuchelewa, na tarehe zote mbili zikaandikwa wazi, ya kuoana na ya kusajiliwa. Baba mkwe, Mzee Mayige, aliapa mbele ya hakimu pamoja na mshenga na mjomba aliyepokea ng'ombe. Wawili kati yao waliweka dole gumba. Zikaongezwa kadi za kliniki za watoto zenye jina la baba, na barua kumi na moja za Nyanda pamoja na bahasha zake, maana muhuri wa posta ndio unaoonyesha tarehe. Picha ya harusi ilikuwa moja tu, na bwana harusi alikuwa amefumba macho. Iliingia hivyohivyo.

Baada ya wiki sita jibu la ubalozi lilifika kwa sanduku la ofisi, kwa Kiingereza. Kwandu alikuja asubuhi, akapiga goti kidogo, akamwamkia Mama Mektilda kwa Kisukuma kama mama yake, "Mwangaluka, mayu," akakaa kwenye benchi. Mimi na Mama Mektilda tulikuwa tumeshaisoma. Nilimnong'oneza airuke aya ya pili, aseme tu kwamba wanataka maelezo zaidi. Aliisoma yote, sentensi baada ya sentensi, kwa Kisukuma.

Aya ya pili ilisema kwamba katika fomu yake ya kwanza, miaka mitatu nyuma, Nyanda alijaza kuwa hajaoa wala hana mtoto. Ubalozi uliuliza huyu mke wa miaka minane ametoka wapi.

"Aliandika hivyo kwa mkono wake?" Kwandu aliuliza.

"Wanasema fomu ina saini yake."

"Na watoto pia?"

"Na watoto."

Kwandu alifunga kitenge chake vizuri, akaaga, akaondoka. Siku tisa hatukumwona. Nilimwambia Mama Mektilda kwamba ameivunja ndoa aliyoisajili mwenyewe. Alijibu, "Huenda," akaendelea kuchapa. Siku hiyo alikosea ukurasa mara nne, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Siku ya kumi Kwandu alirudi akifuatana na Mzee Mayige. Alitaka kumwandikia mumewe, na maneno aliyatamka mwenyewe: "Sikuja kwenu kwa kuiba. Nililetwa na wazee. Andika ulichofanya, uape, ulete. Usipoandika, nabaki Nkoma na watoto, na faili hili tutalifunga." Mzee Mayige aliomba liongezwe jina lake chini, ili kijana ajue kwamba baba yake ameyasikia.

Jibu lilikuja baada ya mwezi na nusu. Ndani yake mlikuwa na hati ya kiapo. Nyanda alikiri kwamba aliambiwa mwenye familia hapewi nafasi, akaogopa, akawakana. Mlikuwa pia na ukurasa mmoja wa Kisukuma, ambao Kwandu alitoka nao nje akausome peke yake. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alisema tuendelee.

Nilishauri kiapo hicho kiwekwe chini kabisa ya faili. Mama Mektilda alikiweka juu. "Wakianza na kosa tulilolisema wenyewe," alisema, "mengine watayasoma bila mashaka." Viza ya mama na watoto ilitoka Machi 1998.

Tangu mwaka huo Mama Mektilda aliomba ruhusa ya kwenda vijijini na daftari la usajili kila baada ya msimu wa pamba. Zaidi ya ndoa mia tatu za kimila zimepata cheti kwa safari hizo. Mzee mmoja alimuuliza kama siku hizi ng'ombe hawatoshi kuoa. Alimjibu, "Wanatosha kwa ukoo, baba. Karatasi ni ya wale wasiotujua."

Mwezi uliopita tulimwandikia Kwandu kumjulisha kwamba mayu wake anastaafu. Ameleta barua, na Mama Mektilda atasomewa kwa sauti, kama alivyotusomea sisi. Sehemu yake inasema: "Siku ile ungeiruka ile aya, ningepanda ndege kumfuata mtu nisiyemjua. Nilimkuta uwanjani ananisubiri, na nilikuwa namjua. Tulianzia hapo."

Mama Mektilda, tunakushukuru kwa kazi, na kwa ushauri wetu uliokataa kuufuata. Unarudi Nassa kwa mzee wako Kristofa na majaruba yenu ya mpunga. Mvua ziwafikie kwa wakati, miguu isikuume, na wajukuu wakuzunguke. Maisha yako ya kustaafu na yawe mema.

Januarius Mayala, Masijala